Taa ya 'wati 1000' ilivyoniumbua saluni kwa dada

WIKI hii naomba tuyaweke pembeni kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, ingawa kisa chenyewe kimetokea saluni. Leo nataka tuongelee taa. Siyo taa ya sebuleni wala ya disko, ni taa ya kuoteshea mwani kwenye tanki la samaki wa maji chumvi. Najua wengine mshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini msome mpaka mwisho, maana taa hiyo ilinilia mapene yangu, ikanigombanisha na dada yangu wa kuzaliwa, na ikamtoa mjumbe wetu kitandani saa sita za usiku.

Dada yangu ana saluni pale Sinza. Kuna bosi mmoja alikuwa anahama, akamuuzia kwa bei ya kutupa tanki la lita 200 pamoja na pampu zake na samaki wawili, dume na jike, wa ile jamii ambayo kila mtoto wa mjini anaiita Nemo tangu filamu ya Finding Nemo ilipotoka mwaka 2003. Msije mkadhani ni samaki wa Wazungu. Hao wa dada ni aina ya Amphiprion allardi, na makazi yao ni bahari yetu hii hii, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini.

Basi tanki likawekwa karibu na viti vya kusubiria. Bwana wee, wateja walizimika! Akina dada waliokuwa wanalalamika kwamba foleni ya kusuka ni ndefu wakawa wanakaa kimya wanatazama samaki, soda moja baada ya nyingine. Biashara ikawa bomba. Mimi nikapewa kazi ya kulitunza tanki kwa malipo ya vocha na chakula cha mchana, nikaona nimepata zali.

TATIZO LILIANZIA KWENYE ANDAZI

Mteja akija na mtoto, mtoto anamega andazi anawatupia samaki. Mwingine anatupia chapati. Dada anaona haya kuwakataza, si unajua mteja ni mfalme? Mabaki yale yanaoza, na kinyesi cha samaki nacho hakikosi. Hapo ndipo ile Biolojia niliyoikimbia kidato cha nne iliponirudia kwa nguvu.

Uozo unatoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaigeuza amonia kuwa nitriti, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina ukali wa hizo mbili za kwanza, ila inazidi kujaa majini siku hadi siku. Ukijumlisha na fosfati inayotoka kwenye vyakula, hiyo tayari ni mbolea. Na penye mbolea na mwanga, majani yataota tu, upende usipende.

Yakaota kweli. Kioo kikawa kijani, mawe yakaota manyoya. Siku moja dada akaniita mbele ya wateja, akaniambia, "Wewe mdogo wangu, watu wananiuliza hapa tunafuga samaki au tunafuga ukoka."

Nilipopima kwa kile kipimo cha matone, nitrati ilisoma 40, yaani sehemu 40 kwa milioni. Wafugaji wengi wa maji chumvi wanapenda iwe chini ya 10. Nikaanza kubadilisha maji kila wiki: madumu mpaka Kunduchi, bajaji kwenda na kurudi, mgongo unauma. Ukoka ukawa unarudi palepale.

CHUMBA CHA KIMBILIO

Mshikaji wangu mmoja anayefuga samaki huko Mbezi Beach ndiye aliyenifungua macho. Akasema, "Ukoka huumalizi kwa kuufuta. Utafutie mpinzani anayekula chakula kilekile."

Mpinzani huyo anakaa mahali panapoitwa refujiamu, neno la Kilatini lenye maana ya kimbilio. Ni chumba au beseni la pembeni, mara nyingi ndani ya kabati chini ya tanki kubwa, ambamo maji ya tanki yanapita polepole kabla pampu haijayarudisha juu. Samaki hawaingii humo. Unaweka mwani unaoutaka wewe, unaumulikia taa yake, nao unakula nitrati na fosfati kabla ukoka wa juu haujazipata. Mwani ukishajaa unaupunguza, na ule unaoutoa ndiyo uchafu wenyewe unaotoka majini. Tena vidudu vidogo vidogo vya majini vinapata mahali pa kuzaliana bila kuliwa, halafu baadhi vinapanda juu na maji na kuwa kitoweo cha samaki. Ndiyo maana pakaitwa kimbilio.

Wala siyo jambo la jana. Huko Marekani mtaalamu Walter Adey wa Smithsonian alikuwa anatumia mwani kusafisha maji ya matanki ya matumbawe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwani unaopendwa sana kwa kazi hiyo unaitwa Chaetomorpha, wafugaji kwa kifupi wanasema keto. Ukiiona keto utadhani ni stilwaya ya kusugulia masufuria, ila ya kijani. Haina mizizi, haishiki mawe, unaikata unavyotaka. Wapo wanaotumia Caulerpa, ambayo kwa macho inapendeza zaidi, lakini hiyo ina tabia mbaya: inaweza kumwaga mbegu zake ghafla, ikapauka yote na maji yakachafuka kwa siku moja. Aina yake mojawapo, Caulerpa taxifolia, mwaka 1984 ilikutwa baharini mbele ya makumbusho ya bahari ya Monaco, ikasambaa Mediterania. Mwaka 2000 ikaonekana California, na Wamarekani walihangaika nayo mpaka 2006 ndipo wakatangaza kwamba imekwisha. Kwa hiyo mwani wowote wa tanki usiutupe baharini wala mtaroni. Uanike juani ukauke, ndiyo uutupe na takataka. Na usiende kujiokotea vitu Bongoyo wala Mbudya, yale ni maeneo ya hifadhi.

Mshikaji akanimegea keto kiasi cha ngumi moja. "Sasa nenda katafute taa," akasema. "Chukua ya bei poa, ila nenda na akili." Mimi nilishika lile neno la bei poa tu. Hiyo akili niliiacha Mbezi Beach.

NAINGIA KARIAKOO

Nikaingia duka moja ambalo silitaji. Muuzaji akanitolea boksi linang'aa, limechorwa nyanya nyekundu na maua, na maandishi makubwa "LED 1000W". "Kaka, hii ndiyo mashine," akaniambia. "Wati elfu moja! Hata mchicha utaota juu ya sakafu." Nikamhesabia shilingi 95,000, fedha nilizokuwa nimezitunza kwa ajili ya simu. Nikatoka dukani natesa kama niliyenunua gari.

Nikaifunga taa ndani ya kabati, shibiri moja juu ya maji, nikawa naiwasha usiku. Kwa nini usiku? Hili ni jambo la maana, shika vizuri. Mwani ukiwa kwenye mwanga unavuta kaboni dayoksaidi na kutoa oksijeni. Gizani mambo yanageuka, kila kiumbe kinapumua na kaboni dayoksaidi inajaa. Ikijaa, pH ya maji inashuka. Maji ya bahari huwa kwenye 8.1 hivi, lakini tanki likikaa giza usiku kucha linaweza kuteremka chini ya 8 kufika alfajiri. Ukiwasha taa ya refujiamu wakati taa ya tanki imezimwa, keto inafanya kazi ya usiku kama mlinzi, pH haiyumbi sana na samaki wanapata hewa.

Nadharia nilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba kabati la dada lilikuwa limeng'oka mlango mmoja. Taa ile ilikuwa ya rangi ya zambarau, kali ile mbaya. Mwanga ukatoka kabatini, ukajaa saluni nzima, ukapenya dirishani mpaka barabarani. Usiku wa tatu, saa sita, mlinzi wa jirani ananipigia simu niende haraka. Nafika namkuta mjumbe amesimama na kandambili zake, shuka begani, nyuma yake vijana kama saba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, humu ndani mna nini? Wengine wanasema dada yako kafungua disko la siri. Wengine wanasema kaleta mganga."

Nikafungua mlango. Mjumbe akachungulia kabatini, akaona stilwaya ya kijani inaelea chini ya taa ya zambarau. Akaitazama, akanitazama mimi. "Unayamulikia majani usiku kucha," akasema taratibu, "kwa umeme wa kununua?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikaona aibu, lakini nikijifikiria sasa, mzee yule aliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kumuuliza muuzaji kule Kariakoo.

JUMAMOSI YA MSIBA

Wiki haikuisha, dada akaanza kulalamika kwamba uniti za LUKU zinayeyuka. Nikamwambia avumilie, maji yatatakata. Siku ya kumi keto ikaanza kupauka, nchani nyeupe. Nikafikiri haipati mwanga wa kutosha, nikaishusha taa chini zaidi. Jamani, ni sawa na kumwona mtu kaungua na uji, ukamwongezea wa moto!

Keto ikafa. Na mwani ukifia majini, kila ulichokula unakirudisha, na uozo wake unakula oksijeni. Alfajiri ya Jumamosi, siku ambayo saluni inajaa kuliko zote, nilimkuta yule jike amelala ubavu chini ya jiwe. Dume anamzunguka, anamgusa na mdomo, anazunguka tena.

Nilidhani dada atanifokea. Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Alichukua khanga akalifunika tanki wateja wasione, akasema, "Mwisho wa mwezi naliuza." Kisha akaenda kuwasha drai.

BOKSI LINAVYODANGANYA

Nilimrudia mshikaji wa Mbezi Beach kichwa chini. Akaniuliza, "Hiyo taa ni ya wati ngapi?" Nikajibu elfu moja. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kawashe taa hiyo peke yake," akaniambia, "halafu kahesabu mita ya umeme inavyokonyeza."

Hii mbinu nawapeni bure. Mita nyingi za LUKU zina kitaa kidogo chekundu kinachowaka na kuzimika. Pembeni pameandikwa kwa mfano "1000 imp/kWh", maana yake kikonyeze mara 1000 uniti moja inakuwa imeliwa. Zima kila kitu, friji na pampu vikiwemo, kwa dakika chache tu. Washa taa yako peke yake, hesabu kwa dakika sita, kisha zidisha kwa kumi kupata idadi ya saa nzima. Kwa mita ya 1000, idadi hiyo ya saa ndiyo wati zenyewe. Mita yenu ikiwa na namba nyingine, gawanya idadi ya saa kwa namba hiyo, kisha zidisha kwa 1000.

Ya kwangu ilikonyeza mara kumi kwa dakika sita. Yaani mara 100 kwa saa. Ile "wati 1000" ilikuwa ni wati 100!

Ile 1000 inatoka wapi basi? Wenye viwanda wanahesabu vijitaa vilivyomo ndani, tuseme 100, kila kimoja kina uwezo wa kubeba wati 10, wanazidisha. Lakini vijitaa hivyo havipewi wati 10, vinapewa wati moja hivi, la sivyo vitaungua. Wengine wanasema taa yao "inalingana" na taa ya zamani ya wati 1000. Mbele ya mwani hesabu hizo hazina maana. Kinachohesabika ni umeme unaoingia kweli, na mara nyingi umeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya taa, siyo mbele ya boksi.

Sasa cheka vizuri: pamoja na uongo huo wa mara kumi, wati 100 bado zilikuwa nyingi mno kwangu. Beseni langu la kimbilio lina sentimita 30 kwa 30, kina chake sentimita 25. Kampuni ya Kessil inayotengeneza taa maalumu za refujiamu ina taa iitwayo H80, ni ya wati 15 tu, na kubwa yao ya H380 ni ya wati 90. Mimi niliweka kubwa kuliko hiyo kubwa, shibiri moja juu ya ngumi moja ya keto. Niliikaanga.

Na taa hizo za kampuni kubwa? Ni nzuri, sikufichi. Ila hata hiyo ndogo bei yake ni zaidi ya dola 100, bado usafiri na ushuru. Siyo za mtu anayelipwa kwa vocha.

ZAMBARAU AU NYEUPE?

Swali hili watu wanagombania sana. Umbijani, ile rangi ya kijani ya mimea, inanyonya zaidi mwanga wa bluu wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 430 mpaka 450 hivi, na mwekundu wa nanomita 660 na kitu. Ndiyo maana taa za kuoteshea wanachanganya nyekundu na bluu, macho yetu yanaona zambarau. Baharini mwanga mwekundu unapotea haraka ukizama, lakini beseni lenye kina cha sentimita 25 halina kina cha kuupoteza. Kwa hiyo zambarau inafanya kazi, hilo halina ubishi.

Lakini nyeupe nayo inafanya kazi. Taa ya LED nyeupe ndani yake ni ya bluu, iliyopakwa unga wa rangi unaobadilisha sehemu ya bluu hiyo kuwa manjano, kijani na wekundu kidogo. Ndiyo maana dunia ilisubiri LED ya bluu yenye nguvu, iliyotoka Japan mwaka 1993, na Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nyeupe inayoandikwa 6500K, ile ya mwanga wa mchana, ina bluu ya kutosha na keto inaikubali bila maneno. Ile ya manjano ya 2700K ina bluu kidogo, waachie wenye baa.

Usihangaike pia na lumeni. Lumeni inapima mwanga kwa jicho la binadamu, ambalo linapenda zaidi kijani. Mwani hauna jicho. Kipimo chake kinaitwa PAR, yaani mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 unaoufikia mmea, na mashine ya kukipima ni ghali kuliko tanki lenyewe. Sisi tutapima kwa kuutazama mwani, nitawaambia hapo chini.

Na tofauti nyingine kubwa: nyeupe haimwamshi mjumbe.

TAA YA PILI

Safari hii sikwenda kutafuta taa ya kuoteshea. Niliingia duka la vifaa vya umeme nikaomba taa ya LED ya ukutani, zile za kumulika uani. Wati 20 za kweli, 6500K, imeandikwa IP65. Shilingi 18,000. Nikaongeza taima ya kuchomeka ukutani. Nikaifunga sentimita 30 juu ya maji, ikawa inawaka saa mbili usiku na kuzimika saa mbili asubuhi. Mshikaji akanipa ngumi nyingine ya keto, kwa masharti kwamba nikiiua nisirudi. Na kabati nikalirudishia mlango.

Hesabu ya umeme ndiyo hii, fanya na ya kwako. Wati 100 kwa saa 12 ni uniti 1.2 kwa siku, uniti 36 kwa mwezi. Kwa uniti moja ya kama shilingi 350, hizo ni shilingi 12,600. Wati 20 kwa saa zilezile ni uniti 7.2 kwa mwezi, shilingi 2,520. Kila mwezi nilikuwa namtupia dada shilingi elfu kumi za bure, tena za kuulia samaki wake. Kama we uko nyumbani kwenye lile kundi la nafuu la uniti 75 kwa mwezi, hizo 36 ni karibu nusu ya mgao wako wote, na ukipitiliza 75 bei inaruka. Taa ya bei poa dukani inaweza kuwa ghali kwenye mita.

KABLA HUJATOA MAPENE YAKO

Nimejifunza kwa machungu, kwa hiyo nikupe kwa ufupi.

Kwanza, pima beseni lako kabla ya kwenda dukani. La ukubwa kama wangu linatosheka na wati 15 mpaka 20 za kweli. La urefu wa sentimita 60, chukua taa mbili ndogo uziachanishe, kuliko moja kali inayochoma katikati na kuacha giza pembeni.

Pili, tafuta isiyo na feni. Ile ya zambarau ilikuwa na feni ndogo mgongoni. Hewa ya tanki ina chumvi, na mwezi haukuisha feni ikawa inakoroma kwa kutu.

Tatu, soma herufi za IP. Kwenye IP65 ile 6 maana yake vumbi haliingii, na 5 maana yake ikirushiwa maji inastahimili. Haina maana ya kuzamishwa majini, usijaribu.

Nne, angalia volti. Umeme wetu ni volti 230. Taa iliyoandikwa 85-265V inafaa kwetu, iliyoandikwa 120V ni ya Marekani, utailipua.

Tano, lazimisha muuzaji aiwashe mbele yako, ugeuze mgongo wa taa usome wati za kweli. Akikataa, aga vizuri uende duka la pili.

Kuna mtu ataniuliza, kwani jua si lipo? Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani wao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na hawajanunua taa hata moja. Kweli kabisa, lakini wao wana bahari nzima ya kupooza maji. Weka beseni lako dirishani kwa joto la Dar uone kama hujapika supu. Tena jua haliwaki usiku, na usiku ndio tunaoutaka.

MWANI UNAONGEA

Sasa kipimo cha macho. Keto yenye afya ni ya kijani kibichi, ngumu kidogo ukiibonyeza, inaongezeka wiki hadi wiki. Ikipauka upande wa juu tu, mwanga umezidi: inua taa au punguza saa. Ikikaa bila kukua, ikavikwa utelezi wa kahawia, mwanga ni hafifu au maji hayaizungushi: shusha taa kidogo na iguse mkondo wa maji. Ikipauka yote huku nitrati inasoma sifuri, hiyo ina njaa. Usiiongezee taa, ipunguzie saa. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, halafu subiri wiki. Kosa langu mimi lilikuwa kubadilisha kabla ya kujua.

Ikijaa, toa theluthi moja mpaka nusu. Usione huruma, usipoivuna haijasafisha kitu.

Na umeme na maji ya chumvi ni maadui, jamani. Waya wa taa uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia kwenye plagi, tone likitiririka lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Ekstensheni usiilaze chini ya kabati, itundike. Kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, mafundi wanakiita RCD, mwambie fundi akufungie. Kila wiki futa kioo cha taa kwa kitambaa chenye maji baridi, chumvi ikiganda mwanga haupiti. Futa ukiwa umechomoa plagi.

MWISHO WA MWEZI

Mwisho wa mwezi ukafika. Nilikwenda saluni asubuhi kabla ya wateja. Keto ilikuwa imeongezeka kutoka ngumi moja mpaka kujaa bakuli la ugali. Nikapima nitrati mbele ya dada, ikasoma 20. Hatujafika 10, lakini tulitoka 40, na ukoka wa kwenye mawe ulikuwa unang'oka wenyewe vipande vipande. Nikabandika karatasi kwenye kioo: SAMAKI WAMESHIBA, ANDAZI KULA MWENYEWE. Hiyo nayo ni dawa, pengine kuliko taa.

Dada alitazama, akauliza taa hii ni ya wati ngapi. Nikamwambia ishirini. Akauliza, "Za boksi au za mita?" Nikajua mjumbe alishapita kwake.

Tanki halijauzwa. Na yule dume aliyefiwa, kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Samaki wa jamii hii wote wanazaliwa madume. Mkubwa wao ndiye anakuwa jike, na jike akifa dume aliyebaki anageuka kuwa jike. Kwa hiyo mjane wetu yuko njiani kuwa mama mwenye nyumba, na mimi nakusanya hela za kumtafutia mume mdogo. Ile taa ya zambarau nimempa jirani yetu anayeotesha miche ya nyanya uani. Ameitundika juu kabisa, na anasema miche inanawiri. Kumbe taa haikuwa mbaya, niliipeleka kusikohusika.

Kwa leo naishia hapa. Ukienda dukani, kumbuka swali la mjumbe. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.